Sura ya Saba: Aliyeonja Kwanza

Sruu.

Sauti ilitoka jikoni, gizani, kabla hata majogoo hawajajisumbua. Sruu. Kimya kidogo. Kisha sruu nyingine, ndefu, ikaishia kwa kukwaruza, kama kitu kilichofika chini kabisa na kukuta hamna tena.

Koplo Eustadia alipapasa tochi, akaingia jikoni miguu mitupu. Mwanga ukamkuta binti yake wa miaka mitano, Kemigisha, amechuchumaa kando ya mtungi, kikombe cha bati mbele yake, mdomoni ana mrija mrefu wa tete.

"Kemi! Gizani huku unafanya nini?"

"Nakunywa maji."

"Na kikombe unacho. Si ungekinywea tu?"

"Kwa mrija ni matamu zaidi."

Ulikuwa mrija wa babu yake, Mzee Telesfori, mweusi kwa moshi na kwa rubisi ya miaka mingi. Mahali pake ni juu, umechomekwa kwenye fito za paa, na hushuka siku mzee anapoalikwa kunywa. Huko wazee huzunguka kibuyu kimoja cha pombe hiyo ya ndizi, na kila mmoja huchomeka mrija wake aliotoka nao nyumbani.

"Nani kakuambia uushike? Mrija wa mtu hauchezewi, hata kama kibuyu mnanywa pamoja."

"Babu hayupo."

"Hata kama hayupo."

Kweli mzee hakuwepo. Alikuwa Bugomora kumwangalia dada yake mgonjwa. Baba yake Kemi alikuwa kazini Mwanza, na jirani anayebaki na mtoto alikuwa na homa tangu jana. Eustadia alitazama mlango, akamtazama mtoto, akashusha pumzi.

"Basi oga. Leo tunakwenda kazini wote."

Alipogeuka kuchukua beseni, Kemigisha aliuingiza mrija ndani ya gauni lake. Mama aliona. Akaacha. Siku hiyo alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kugombania.

*

Inspekta Kahigi, mkuu wa kituo cha Kayanga, alikuwa anakunywa chai ya rangi akiwa amesimama. Alifanya hivyo siku ambazo hakutaka kubishana na mtu.

"Jambo afande."

"Jambo. Landrova ya Bukoba inaondoka kesho asubuhi, na Theoneste anaondoka nayo. Kesi ya mauaji hatuilalii hapa." Akaangusha macho. "Na huyu?"

"Ni binti yangu, afande. Sina wa kumwachia."

"Mh. Haya, sema ulichokuja kusema."

"Afande, jalada lile halijakaa sawa."

"Lina nini?" Kahigi alianza kuhesabu kwa vidole bila kuweka kikombe chini. "Rwegoshora ameuawa kwa panga usiku, ndani ya migomba yake, Kimuli. Jumapili iliyotangulia, baada ya misa, alikuwa amemkatalia Theoneste binti yake Laurensia, tena mbele ya watu wote, akamwita mkimbizi. Kijana amejibu utajuta. Watu wamesikia. Usiku wa tukio, Gaudiosus amemwona kwenye baiskeli kando ya shamba. Unataka nini tena? Picha?"

"Theoneste ni mlinzi wa kituo cha masomo ya jioni, Chonyonyo. Alfajiri tulimkuta hukohuko, mezani. Kwenda Kimuli na kurudi kwa baiskeli kunamaliza usiku mzima. Kama alikwenda, hakupata muda wa kufanya kitu kingine chochote."

"Ndiyo maana mlimkuta amelala kama gogo."

"Yeye anasema alikuwa anacheza mchezo wa kompyuta mpaka karibu na kupambazuka."

Kahigi alicheka, chai ikamwagika kwenye kidole. "Mlinzi! Kompyuta! Na Gaudiosus je? Jirani wa marehemu, aliyepiga yowe wa kwanza, aliyelia mpaka ikabidi ashikwe asijitupe juu ya maiti. Huyo anadanganya?"

"Sijasema, afande. Naomba siku ya leo tu. Kuna njia ya kuupima huo mchezo."

Kahigi alimalizia chai, akatazama majani chini ya kikombe kana kwamba nayo yanamchosha.

"Mpaka jioni. Chukua Polikarpi na pikipiki. Ukirudi mikono mitupu, kesho wewe mwenyewe ndiye utakayemvika pingu za safari. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

*

Theoneste alisimama nyuma ya nondo za mahabusu, mrefu, mwembamba, shati halina kifungo hata kimoja. Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda kabla hajazaliwa. Yeye mwenyewe alizaliwa Kimuli, akabatizwa Kimuli, akasoma darasa la saba Kimuli. Kiingereza alikipata kwenye masomo ya jioni, dawati la nyuma, kabla ya kushika zamu yake ya ulinzi.

"Ulianza kucheza lini?" aliuliza Eustadia.

"Bruda msimamizi alipoondoka, jua linazama. Aliniambia niwashe jenereta nijifunze kipanya."

"Nani mwingine ameuona mchezo huo?"

"Hakuna. Disketi zilifika jioni ileile, kasha limefungwa kwa gundi. Bruda alilikata mbele yangu, akaona picha ya kwanza tu, akaenda zake. Alfajiri mkanikamata."

"Na ni mchezo wa nini?"

"Mtu ameuawa kwenye karamu, afande. Unatafuta aliyemuua."

Konstebo Polikarpi, aliyeegemea ukuta, aliangua kicheko. "Yaani umekamatwa kwa kuua, kumbe usiku kucha ulikuwa unatafuta muuaji!"

"Ndiyo, afande. Na nilimpata."

Eustadia alinyanyua mkono. "Sikiliza vizuri. Nitajie mtu mmoja tu. Usiniambie aliuaje wala kwa nini. Ukinipa yote, kesho watasema wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu mmoja, mbele ya konstebo."

Theoneste aliinamisha kichwa, akafikiri kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Dada mkubwa. Mwenye karamu."

"Polikarpi, umesikia?"

"Dada mkubwa, mwenye karamu."

Kemigisha alikuwa amesogea taratibu mpaka kwenye nondo. "Kwa nini umefungiwa?" akauliza.

"Wanafikiri nilikwenda mahali, mdogo wangu."

"Ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Kemi, njoo huku," alisema Eustadia, akamvuta mkono.

*

Bruda Evaristi, msimamizi wa kituo cha masomo ya jioni, aliwapokea mlangoni na lalamiko lake.

"Karibuni, waitu, waheshimiwa. Mmekuja na petroli yangu? Galoni nzima! Ilikuwa ya spika za kipaimara. Asubuhi ile nakuta tangi kavu. Kijana ameiuza."

"Majirani walisikia jenereta usiku?" aliuliza Eustadia.

"Walisikia mpaka wakanisema."

"Basi haikuuzwa. Iliungua hapahapa."

"Jenereta ikinguruma haisemi nani amekaa mbele ya kompyuta," alidakia Polikarpi. "Ningekuwa mimi ningeiwasha, nikaiacha ipige kelele, nikapanda baiskeli."

Ilimkera Eustadia kwamba konstebo alikuwa amesema kweli.

"Chumba kimefunguliwa na nani tangu siku ile?"

Bruda aligonga ufunguo uliokuwa ukining'inia kiunoni. "Naoga nao."

Ndani mlinuka vumbi na chaki. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya ualimu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya bibi arusi. Bruda alimimina petroli kutoka dumu dogo, akalitikisa kuwaonyesha. "Hii ndiyo ya mwisho. Ikiisha, imeisha."

Kemigisha alipewa kikombe cha maji na ndizi mbivu, akaingia chini ya meza. Jenereta ikakohoa, ikashika. Kioo kikawaka.

Theluji ilianza kuanguka kwenye kioo, nyeupe, polepole. Gari la farasi likapanda kilima mpaka kwenye jumba. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Eustadia aliyasoma moyoni na kuyasema kwa Kiswahili, kidole kwenye kipanya, huku Polikarpi na Bruda wamemwinamia kila mmoja upande wake.

"Wageni wamealikwa. Kuna daktari. Kuna kanali mstaafu. Kuna mpishi. Mpwa wa nyumba. Huyu hapa dada mkubwa, ndiye mwenye karamu. Na mdogo wake, ambaye jumba lote ni lake."

"Huyo ndiye anayekufa," alisema Polikarpi.

"Umejuaje?"

"Ndiye mwenye mali."

Walikaa mezani. Dada mkubwa alifungua chupa ya divai, akainua glasi yake, akanywa kwanza yeye, kisha wote wakanywa. Mdogo wake akashika shingo, akaanguka juu ya sahani. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maswali matatu: Nani? Kwa kitu gani? Kiliwekwa wapi? Chini yake: Tafuta, kisha ushitaki. Una neno moja tu.

Walitafuta. Kitu ndani ya jumba kikiguswa kwa kipanya kilisema habari zake. Walifungua makabati, wakainua mazulia, wakamhoji mpishi aliyejibu kwa kiburi na kanali aliyejibu kwa usingizi. Ndani ya kikapu cha nyuzi cha dada mkubwa wakapata kichupa kitupu chenye harufu ya lozi chungu.

"Sumu!" Eustadia alipiga meza. "Chumbani kwake mwenyewe. Kijana alisema kweli."

Aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Dada mkubwa. Sumu. Ndani ya chupa ya divai.

Kioo kilitulia. Kisha: Umekosea. Muuaji amelala salama.

Na theluji ikaanza kuanguka upya. Gari la farasi likapanda kilima. Kila walichokipata kilikuwa kimefutika.

"Basi," alisema Polikarpi, akichukua kofia yake ya chuma. "Kijana amebahatisha, amekosa. Twende tukale."

"Keti."

"Koplo, mchezo wenyewe umesema."

"Umesema tumekosea. Haujasema tumekosea wapi. Mambo ni matatu, Polikarpi. Keti."

Walipanda kile kilima tena. Safari hii, divai ilipofika mezani, Polikarpi aliunyoosha mkono mbele ya kioo karibu akiguse.

"Simamisha hapo! Umeona? Amemimina, na ameonja yeye kwanza. Mwenye pombe akishaonja, kuna kesi tena? Hata baba mkwe wangu, ambaye hata kivuli chake hakiamini, mwenyeji akionja yeye anainamia kibuyu."

"Mama yangu angepewa kinywaji mwenyeji hajakionja, angekimwaga mlangoni," alisema Bruda. "Huyu dada ni msafi. Kile kichupa amewekewa."

Eustadia alirudisha tukio. Kweli, dada alikunywa kwanza, tena kwa kumeza hasa, koo likapanda na kushuka. Chupa ileile. Divai ileile. Yeye mwenyewe Eustadia, tangu akiwa binti mdogo wa kuchota rubisi kwenye sherehe za baba yake, hakuwahi kumpelekea mgeni kibuyu ambacho hakijaonjwa mbele yake.

"Nani mwingine anajua sumu?" aliuliza polepole.

"Daktari," walisema wote wawili.

Wakamshitaki daktari. Umekosea. Theluji. Kilima.

Bruda akamtaka mpishi, kwa sababu mpishi aliyemfahamu yeye kwenye seminari alikuwa mwizi wa nyama. Wakamshitaki mpishi kwa sumu ndani ya mchuzi. Umekosea. Theluji.

"Nimeichukia theluji," alisema Polikarpi. "Sijawahi kuiona, na nimeshaichukia."

Jua lilikuwa limepita upande wa pili wa dirisha. Mama mmoja wa jirani aliwaletea ndizi za kupika na maharage; Eustadia alikula akiwa amesimama, kijiko mkono mmoja, kipanya mkono mwingine. Alibofya chupa. Ni chupa ya divai, ilisema kompyuta. Akabofya tena. Ni chupa ya divai. Alibofya kizibo, kibandiko, mpaka meza iliyokuwa chini ya chupa. Kompyuta ikajibu kwa adabu ileile isiyo na msaada, kama karani wa dirishani.

"Nilikuwa mjinga," alisema. "Ningemwacha aseme yote pale mahabusu."

"Nilitaka kukwambia," alisema Polikarpi.

"Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka, ndiyo, lakini nilitaka kukwambia."

Aliisukuma sahani, akatoka nje, akazunguka jenereta, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Alifungua mfuniko wa tangi. Petroli ilikuwa inang'aa chini kabisa. Safari moja ya kupanda kilima, hazikuwa mbili. Kesho asubuhi Landrova. Pingu zilikuwa kiunoni mwake, zimening'inia upande wa kushoto; alizisogeza nyuma zisimguse.

Aliporudi ndani hakuketi.

"Polikarpi. Mimi nisingekuambia lile la dada mkubwa, wewe ungemtaja nani?"

"Daktari. Mpaka sasa namtaka daktari."

"Bruda?"

"Mpishi."

"Mimi daktari. Sote watatu dada tumemwacha kwa sababu moja: ameonja. Sasa, Theoneste amezaliwa wapi?"

"Kimuli."

"Amekulia kwenye vibuyu hivihivi. Kijana wa huku akibahatisha, akiwa nyuma ya nondo, anataja nani?"

Polikarpi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Yeyote. Ila yule aliyeonja."

"Ila yule aliyeonja! Huyo angekuwa wa mwisho kabisa. Lakini ndiye aliyemtaja, tena bila kusitasita. Kwa hiyo ama ni mpumbavu..."

"Si mpumbavu," alisema Bruda, bila kupenda. "Ni mwanafunzi wangu wa kwanza kwa Kiingereza."

"Ama kuna kitu alikiona sisi hatujakiona. Tumeshikilia chupa tangu asubuhi. Kwa nini tumeshikilia chupa?"

Chini ya meza ikasikika sauti.

Sruu. Kimya kidogo. Sruu ndefu, iliyokwaruza mwishoni.

Eustadia aliinama. Kemigisha alikuwa amekaa juu ya kasha tupu la disketi, kikombe mapajani, mrija wa babu mdomoni. Alipomwona mama yake aliutoa haraka na kuuficha mgongoni.

"Nimeuosha," alisema.

"Nipe kidogo."

Eustadia alisimama na ule mrija, akautazama kwa tundu lake kuelekea dirishani, kama fundi anavyotazama bomba.

"Polikarpi, nisikilize. Wazee sita, kibuyu kimoja. Mimi ndiye mwenyeji. Nataka mmoja wao afe, watano wabaki, na mimi nionje kwanza mbele ya wote. Sumu naiweka wapi?"

"Kibuyuni haiwezekani, mtakufa wote." Polikarpi alikuna shingo. Kisha mkono ukasimama shingoni. "Kwenye mrija wake."

"Na hawa watu wana mirija?"

"Hawana," alisema Bruda, "wana glasi..." Akajishika mdomo.

Eustadia alikuwa ameshakaa. Theluji, gari la farasi, kilima, mlango. Hakwenda chumba cha kulia. Alikwenda stoo ya vyombo nyuma ya jikoni, mahali walipopita mara nne bila kusimama, kwa kuwa hapakuwa na kitu ila sinia. Juu ya sinia kulikuwa na glasi. Katika siku nzima hakuna aliyezigusa; kwao chombo cha kunywea kilikuwa ni chombo tu, cha kuulizwa ni kinywaji. Akabofya glasi ya kwanza. Ni glasi ya mgeni. Ya pili. Ni glasi ya mgeni. Ya tatu ilikuwa na ukingo wa dhahabu.

"Soma, soma," alisema Polikarpi.

"Glasi ya bwana wa nyumba. Hakuna mwingine anayeinywea. Ndani, chini kabisa, kuna utando mweupe uliokauka."

Nje jenereta ikakohoa. Kioo kikafifia, kikarudi.

"Haraka, koplo!"

"Bado lazima nipate kichupa, mchezo hautakubali bila kichupa!" Alikimbiza kipanya ngazini, chumba cha dada, kikapu cha nyuzi. Kichupa. Maswali matatu. Nani? Jenereta ikakohoa mara mbili. Vidole vyake vilikosea herufi, akafuta, Bruda akawa anamtajia herufi moja moja kama anayesalisha. Dada mkubwa. Kwa kitu gani? Sumu. Kiliwekwa wapi? Ndani ya glasi ya bwana wa nyumba.

Kioo kilitulia. Wote watatu walishika meza.

Theluji haikuanguka. Mlango wa jumba ulifunguka, dada mkubwa akatoka kati ya askari wawili, na yakaandikwa maneno ambayo Eustadia aliyasoma kwa sauti: "Umempata. Alikunywa kwanza ili asiulizwe."

Jenereta ikatoa mlio wa mwisho, ikanyamaza. Kioo kikazima na kubaki na nukta moja nyeupe katikati, kisha hata nukta haikuwepo.

Bruda Evaristi alijifuta uso kwa kitambaa cha kufumwa.

"Sisi tumeshinda hapa mchana kutwa, watu watatu," alisema. "Yeye alikuwa peke yake, na kamusi."

"Umeona kwa macho yako?" aliuliza Eustadia.

"Nimeona."

"Utayasema hayo mbele ya mkuu wa kituo? Kasha lilifungwa kwa gundi, ulilikata wewe, ufunguo unaoga nao?"

"Nitayasema, na petroli namsamehe."

Polikarpi alikuwa bado anakitazama kioo cheusi. Utani ulikuwa umemtoka. "Koplo. Kama Theoneste alikuwa hapa usiku mzima, Gaudiosus alimwona nani kwenye baiskeli?"

"Endelea."

"Hakumwona mtu."

"Nani alipiga yowe wa kwanza?"

"Yeye."

"Nani alilia kuliko mjane?"

"Yeye."

"Na shamba lake limepakana na la nani?"

"Rwegoshora." Polikarpi alivuta pumzi. "Tulimwandika shahidi palepale, tukampa na kiti. Hatukumuuliza hata alilala wapi."

"Kwa nini hatukumuuliza?"

Konstebo alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Kwa sababu alionja kwanza," alisema.

Eustadia alikuwa tayari anazitoa disketi, anazipanga ndani ya kasha lake. Haikuwa ushindi. Kesho Kahigi angeweza kucheka tena na kumwaga chai. Angeweza kusema kwamba mahakama haisikilizi michezo. Panga lilikuwa bado halijapatikana, na Gaudiosus, kama alikuwa na akili hata kidogo, alikuwa ameshaliosha. Siku nzima ilikuwa imekwenda kwa theluji, na alichokipata ni mtu mmoja ambaye hakuwa Kimuli.

"Afande atasema ni mambo ya watoto," alisema Polikarpi.

"Atasema. Bruda, panda nyuma ya pikipiki, mimi nitatafuta lori la ndizi na mtoto. Tukutane kituoni kabla hajafunga ofisi."

"Na akikataa?"

Mkono wa Eustadia ulikuwa umegusa pingu bila kukusudia.

Kemigisha alitoka chini ya meza, magoti yamejaa vumbi la chaki. Aliuchukua mrija wa babu kutoka mezani, akaupangusa kwa gauni, akashika kidole cha mama yake.

"Mama, twende tukamfungulie."